Nusu Eka ya Mama Zipporah

Ukitaka kumuudhi Zipporah Muhonja, mwulize ana kuku wangapi. Atakukazia macho kama aliyekufumania ukichungulia dirishani kwake, kisha atasema, "Wako." Ng'ombe? Wako. Magunia ya mahindi? Yako. Watoto je? Wako, Mungu anawachunga, na wa kwako hawajambo? Hapo ujue mada imefungwa, hata kama chai bado inatoa moshi kikombeni.

Anakaa upande wa Khwisero, kwenye eka mbili na nusu alizoachiwa na marehemu mumewe, Willis. Eka moja iko juu, inazunguka nyumba. Moja na nusu iko chini, inateremka mpaka kijitoni. Hesabu hiyo ni ya msimulizi. Mwenyewe hajawahi kuitamka, na akisikia imetamkwa hapa atanuna wiki nzima.

Kutohesabu watoto na mali ni mwiko wa zamani huko, omusiro kama wazee wanavyouita, na siku hizi wengi wameuacha. Vijana wanahesabu kila kitu, mpaka hatua zao wakitembea. Zipporah ameushikilia, na wala si kwa ushamba kama majirani wanavyomtania. Ana sababu yake.

Mwaka wa tisini na tisa serikali ilihesabu watu. Karani aliyefika kwake alikuwa mwalimu kijana mwenye adabu, akakaribishwa kiti na uji. Zipporah alikuwa na miaka thelathini na mitano, afya tele, nyumba imejaa, na moyo wa mama ukamtuma aringe kidogo. Aliwaita watoto wake wakapanga mstari mbele ya mlango, kuanzia mrefu hadi mfupi, akapita akimgusa kila mmoja kichwani: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Jescah, Weldon, Rachael, Barnaba, na kitinda mimba wa wakati huo, Isaiah, wa miaka minne, aliyecheka mkono ulipomfikia. Mama mkwe alikuwa ameketi kando akichambua kunde. Aliguna tu.

Mwezi wa kumi Isaiah alishikwa na homa Jumanne. Alhamisi jioni hakuwapo tena.

"Ni mbu, Zipporah," Willis alimwambia siku zile ambazo alikuwa hali wala halali. "Mbu hajui kuhesabu." Zipporah alimkubalia, kwa maana alisoma mpaka darasa la saba na malaria aliijua. Lakini kujua ni kwa kichwa. Mkono uliogusa utosi wa mtoto ulikuwa wake, na mkono huo hakuweza kuusomesha. Winrose alipozaliwa miaka miwili baadaye, nesi alimwuliza huyo ni mtoto wa ngapi. Akajibu, "Ni huyu."

Basi sasa mwone mama wa namna hiyo siku ile, miaka miwili iliyopita, serikali ilipotaka kuwaandikisha wakulima ili wauziwe mbolea ya ruzuku. Binti mmoja wa mjini Kakamega, Mitchel kwa jina, aliingia uani kwake na tableti mkononi na viatu vyeupe ambavyo matope ya Khwisero yalikuwa yameshavipa rangi nyingine.

"Mama, shamba lako ni eka ngapi?"

"Ni kashamba tu, mwanangu."

"Kashamba ni eka ngapi?"

"Kidogo. Ya kupanda mboga na kamahindi."

Mitchel alikuwa amezunguka tangu asubuhi. Aliangalia kulia akaona migomba, akaangalia kushoto akaona ua. Ile eka na nusu ya chini ilikuwa nyuma ya migomba na hakuna aliyemwonyesha. "Niandike nusu?"

"Andika vile unaona."

Mitchel akaandika alichoona. Watoto akaandika mmoja, maana Winrose alikuwa jikoni akisonga obusuma, yaani ugali, na wengine hawakuwapo. Ng'ombe akaandika mmoja, na huyo alikuwa amefungwa mbele yake, angekosaje? Akamwekesha Zipporah kidole, akaenda zake. Zipporah alifurahi sana siku ile. Alijiona amepita mtegoni bila kukanyaga kamba.

Mdomo, husema watu, huponza kichwa. Wa Zipporah ulikiponza kwa kunyamaza.

Mfumo wenyewe ni rahisi. Msimu ukifika, serikali inakutumia ujumbe kwa simu kukuambia mifuko yako ni mingapi, nawe unaenda nao kwenye ghala na kitambulisho, unalipa chini ya nusu ya bei ya dukani, unabeba. Mifuko inafuata eka ulizoandikisha. Ujumbe wa Zipporah ulikuja na mfuko mmoja.

Mfuko mmoja kwa shamba lile ni kumpa ng'ombe mzima maji kwa kijiko. Kwa kawaida yeye hupima mbolea kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja shimo moja, jinsi maafisa wa kilimo walivyofundisha. Mwaka jana alipima nusu kifuniko, na alipofika sehemu ya chini akawa anapima kwa ncha za vidole kama anayetia chumvi. Mahindi ya juu yalisimama. Ya chini yaligeuka zambarau kwa kukosa mbolea yakiwa magotini, yakabaki hapo yakimtazama. Kufikia mwezi wa pili alikuwa ananunua unga, yeye aliyezoea kuwapa wengine.

Jirani yake, Osiako, ambaye ni shemeji yake kwa ukoo, alikuwa na tabu ya aina nyingine. Osiako ana eka moja, na hiyo ni ukimhesabia choo. Alipoulizwa alisema nne. Alipata mifuko minane, akaifungia ndani pamoja na mbuzi, mke wake akakosa pa kuweka kuni. Msimu huu, mvua zikikaribia, alikuja kwa Zipporah akiwa amevaa koti, uso wa mtu mwenye siri.

"Shemeji, nitakuuzia yangu kidogo. Si bei ya serikali lakini si bei ya dukani."

"Na wakiuliza?"

"Nani atauliza? Mimi nilisema nyingi, wewe ukasema kidogo. Tukichanganya tunakuwa wakweli."

Zipporah alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini hakununua. Kununua kwa siri kila mwaka ni kujifunga kwa Osiako, na Osiako akikufanyia wema mmoja utausikia kanisani, sokoni na matangani mpaka uzikwe.

Kilichomkosesha raha hasa ni mwanawe Weldon. Weldon ni dereva wa trekta za kubeba miwa huko Kabras, na miwa imemwingia kichwani kama dini. Krismasi alisema mbele ya ndugu zake, kwa upole lakini akimaanisha: "Mama, hiyo shamba ya chini inakuchosha bure. Mwaka ujao kama haipati mbolea, tuikodishe watu wa miwa. Wanalima wenyewe, wanapalilia wenyewe, wewe unapumzika."

Ndugu zake wakaitikia kwa vichwa. Zipporah aliona hana hoja, maana yale mahindi ya zambarau kila mtu alikuwa ameyaona. Akasema sawa: likipata mbolea atalima, lisipopata, miwa.

Alisema sawa, lakini moyoni ilimuuma. Miwa ikiingia shambani si mgeni wa msimu mmoja. Hukaa mwaka na zaidi, hukatwa, huchipuka tena kutoka kisiki kile kile, na mwenye shamba anakuwa mtu wa kupita pembeni akichungulia. Ile ya chini ndiyo aliyolima na Willis tangu alipoolewa. Hapo ndipo anapokwenda asubuhi kabla ya jua, na hapo ndipo akili yake hutulia. Kupumzika wanakomtakia angekufanyia wapi?

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu ilitangazwa kanisani kwamba mkulima mwenye makosa katika maandishi yake afike kwa naibu wa chifu, na mwisho ni Ijumaa. Zipporah alikaa na tangazo hilo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Jumatano akamwambia Winrose, ambaye amemaliza chuo na anangoja kazi, "Kesho uende unisemee."

"Mama, wanataka mwenyewe. Na kidole chako."

"Kidole nitaweka. Wewe useme."

Winrose alimwangalia mama yake. Kisa cha Isaiah alikijua kwa kusimuliwa na Jescah, kamwe si na mama. "Tutaenda pamoja," akasema.

Walienda Alhamisi asubuhi. Nje ya ofisi kulikuwa na benchi mbili na watu wa benchi nne. Zamu yao ilipofika, nani yuko mezani? Mitchel, tableti ile ile, viatu vingine, vyeusi safari hii. Amejifunza.

"Mama, nakukumbuka," Mitchel akasema akicheka. "Wewe ni wa vile unaona."

"Ndiye mimi. Sasa urekebishe, mwanangu. Shamba ilikuwa zaidi."

"Zaidi kiasi gani? Leo siandiki vile naona. Nyanya yangu wa Shinyalu pia alinificha hivyo hivyo, mbolea ikamkosa, akanilaumu mimi."

Winrose alifungua mdomo. Mitchel akainua mkono kwa adabu. "Dada, pole. Mwenye shamba ndiye anasema."

Zipporah alipiga moyo konde. Akainama juu ya meza na kusema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Mbili na nusu." Mwanamume mmoja nyuma yake akapiga mluzi. Zipporah alimgeukia na jicho lililomfanya akumbuke kwamba alikuwa na kikohozi. Lakini ardhi haifi, akajiambia. Ardhi haishikwi na homa Jumanne.

Ng'ombe mmoja, akasema. Kuku, alianza kusema wako, Mitchel akamsubiri, akasema basi andika kumi, na wakiisha utalipa wewe. Watu wakacheka, naye akacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

"Watoto?"

"Hiyo mbolea inahusu watoto?"

"Haihusu, Mama. Lakini ukifungua maandishi inaanza mwanzo, na hairukangi swali. Nisipojaza haisongi mbele."

Zipporah aliangalia ile tableti. Aliona kijisanduku kitupu chenye mstari mwembamba uliokuwa ukiwaka na kuzimika, ukingoja. "Mimi sihesabangi watoto," akasema polepole. "Nitakutajia majina, uhesabu mwenyewe."

"Sawa tu. Taja."

"Jescah. Weldon. Rachael. Barnaba. Isaiah..."

Ulimi ulikuwa umekwenda wenyewe, kama miguu inavyokwenda nyumbani bila kuulizwa njia. Jina hilo hakuwa amelitoa mdomoni mbele ya watu tangu walipolisoma kaburini.

"Na Winrose," akamalizia.

"Sita," Mitchel akasema, kidole juu ya kioo.

"Hapana."

"Nimekosea wapi?"

"Mmoja hayuko. Alituacha akiwa mdogo."

Mitchel aliiweka tableti chini. Hakuwa tena karani. Alikuwa binti wa watu aliyekaa mbele ya mama wa watu. "Pole, Mama. Pole sana. Sikujua." Akaichukua tena tableti. "Basi niambie mwenyewe, Mama, nisije nikakosea tena. Ni wangapi?"

Winrose alimshika mama yake kiwiko. Zipporah alijua angeweza kuinuka na kwenda. Mfuko mmoja alikuwa nao hakika. Miwa ingeingia chini, angepumzika, watoto wangebaki bila kuhesabiwa na mtu. Alifikiria jembe lake. Alimfikiria Willis akisema habari ya mbu. Akasema neno lile lile alilolisema mbele ya mlango wake mwaka wa tisini na tisa.

"Watano."

Mitchel akaandika, akageuza tableti, Zipporah akaweka kidole. Aliambiwa ujumbe unaweza kuja leo, unaweza kuja wiki ijayo, kutegemea mtandao. Alishukuru, akatoka. Winrose alikuwa akiongea njiani, akisema umefanya vyema, Mama, sasa utapanda yote. Zipporah aliitikia ndiyo, ndiyo, lakini hakuwa anasikia. Alitaka kusikia sauti za watoto wake. Alipofika dukani alinunua kadi za simu za kutosha kumpigia rais.

Nyumbani alianza na Jescah, aliyeolewa Butali. Jescah alikuwa anafua, akalalamika juu ya vumbi. Mzima. Akampigia Rachael, akapata kelele za soko na Rachael akiuliza, Mama kuna shida? Hakuna, nakusalimia tu. Mzima. Barnaba alikuwa darasani akifundisha, akanong'ona kwamba atapiga baadaye, naye akamwambia usipige, nimeshasikia sauti. Winrose alikuwa mbele yake akimenya viazi na kumtazama.

Akampigia Weldon. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena, ikaita ikakatika. Mara ya tatu mwanamke yule wa kampuni ya simu alimwambia mteja hapatikani.

"Yuko kazini, Mama," Winrose alisema. "Trekta ina kelele."

"Najua."

Alijua. Alijua pia trekta za miwa zinavyopakiwa mpaka zinaegemea upande, na ile barabara ya Malava yenye mabonde. Ilikuwa saa tisa. Alifagia ua uliokuwa umefagiliwa. Akapiga, hapatikani. Saa kumi alimpa ng'ombe maji, akapiga, hapatikani. Alikaa kwenye kiti cha Willis, simu mapajani. Hakujificha tena na habari ya mbu. Aliomba wazi wazi, Winrose akisikia.

"Bwana, futa. Nimesema vibaya. Nirudishie nusu eka yangu, hiyo nyingine waichukue, wapande miwa, wapande wanachotaka. Futa tu."

Winrose aliacha viazi, akaja akakaa chini karibu na miguu ya mama yake. Akamwekea mkono gotini.

Saa kumi na moja simu ikalia mara moja, ule mlio mfupi. Zipporah aliinyakua, akasoma juu, akaona si jina la Weldon bali zile nambari fupi za serikali. Akairudisha mapajani, uso chini. Winrose alinyoosha mkono aisome, mama yake akausukuma. "Iache. Usifunge laini."

Jua lilikuwa limefika kwenye migomba ilipolia tena, kwa kuita.

"Mama!" Weldon alipiga kelele juu ya kelele za injini. "Kuna nini huko? Simu ilizima chaji, tumepanga foleni kwa mizani tangu saa nane, nimeomba chaja ya mtu, nawasha nakuta umenitafuta kama polisi. Nani mgonjwa?"

Winrose aliona machozi ya mama yake yakiteremka bila sauti, na uso wake ukilegea.

"Hakuna mgonjwa," Zipporah akasema. "Umekula?"

"Nimekula. Mama, unanishtua. Si ulisema leo unaenda kwa asistenti chifu? Ulienda?"

"Nilienda."

"Ukawaambia eka?"

"Niliwaambia yote waliuliza."

Weldon ndiye wa pili, na siku ile ya sensa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisimama kwenye mstari ule mbele ya mlango, na mkono wa mama yake ulimgusa yeye pia. Injini ikazimwa. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya chini.

"Yote?"

"Yote."

"Na ujumbe wa mbolea umekuja?"

"Simu ililia kitambo," Zipporah akasema. "Nilidhani ni wewe."

Weldon akasema Jumamosi ana mapumziko. Atakuja na rafiki yake mwenye ng'ombe wa kulima, waanze na ile ya chini.